Kama Una Sukari, Tembea kwa Kupandisha na Kushusha

Karibu kila mtu anayetoka kliniki ya kisukari kwa mara ya kwanza hurudi nyumbani na kadi, mfuko wa vidonge na agizo la kutembea nusu saa kila siku. Vidonge ataelezwa: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Kutembea hakuelezwi. Atembee kwa kasi gani, akiwa amekula au hajala, na goti likiuma afanyeje, hayo anaachiwa mwenyewe. Basi anatembea. Anatoka na jirani yake jua likishapoa, wanapiga soga, wanasimama kwa muuza mahindi ya kuchoma, wanarudi. Miezi sita baadaye sukari iko palepale, naye anaanza kuamini kwamba mazoezi hayamfai.

Matembezi ya soga si mabaya. Kwa mtu aliyekuwa akishinda kwenye kiti dukani kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku, hata hayo ni hatua. Lakini kwa mwenye kisukari aina ya pili kasi ina kazi yake, na iko njia ya kuiongeza bila kujivunja. Unakwenda kwa haraka dakika chache, unapunguza mwendo upate pumzi, kisha unapandisha tena. Wakimbiaji wanaijua njia hii tangu zamani. Emil Zátopek, Mcheki aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, alijinoa kwa kurudia mita 400 mara nyingi kuliko akili ya kawaida inavyokubali. Hapa, hata hivyo, simsemi Zátopek. Namsema mama wa miaka hamsini na minane mwenye presha, kilo za ziada na goti moja linalolia akipanda ngazi. Namsema mwalimu mstaafu anayemeza Daonil, kidonge cha kushusha sukari, kila asubuhi.

Njia hii kwa watu wa umri wao ilipata jina kupitia mji wa Matsumoto, Japani. Hapo Hiroshi Nose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu waliwafundisha watu wazima na wazee kutembea dakika tatu kwa haraka na dakika tatu polepole, mizunguko mitano au zaidi, angalau siku nne kwa wiki. Matokeo waliyochapisha mwaka 2007 yalihusu watu 246 wenye wastani wa miaka 63. Baada ya miezi mitano, waliotembea kwa vipindi walikuwa na mapaja yenye nguvu zaidi kwa zaidi ya asilimia 10, na presha yao ya juu ilishuka kuliko ya wenzao waliotembea hatua 8,000 kwa siku kwa mwendo mmoja. Hawakuwa wanamichezo, wala hawakukimbia. Walitembea tu.

Kisha Wadenmark wakaichukua njia hiyo na kuipeleka kwa wenye kisukari aina ya pili, na jaribio lao, lililochapishwa mwaka 2013, ndilo lililonishawishi mimi. Kristian Karstoft na wenzake mjini Copenhagen waliwagawa wagonjwa makundi matatu. La kwanza liliachwa liishi kama kawaida. La pili lilitembea saa nzima kwa mwendo mmoja, siku tano kwa wiki. La tatu lilitembea muda huohuo, siku zilezile, ila kwa dakika tatu haraka na dakika tatu polepole. Watafiti walihakikisha nguvu iliyotumika katika makundi hayo mawili inalingana, kwa hiyo hakuna aliyefanya kazi kubwa zaidi ya mwenzake kwa jumla. Miezi minne ilipokwisha, watu wa vipindi walikuwa wamepungua zaidi ya kilo nne kwa wastani, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa umepanda kwa asilimia 16, na sukari yao, iliyopimwa usiku na mchana kwa kifaa kinachovaliwa mwilini, ilikuwa imeshuka. Wale wa mwendo mmoja hawakupata mabadiliko ya maana katika hayo yote.

Lilikuwa jaribio dogo, watu 32 tu, na jaribio dogo halifai kuapiwa. Hata hivyo linakubaliana na tunachokijua kuhusu misuli.

Katika kisukari aina ya pili, insulini kwa kawaida ipo, hasa miaka ya mwanzo. Inafika kwenye msuli, inabisha hodi mlango wa mbele ili sukari iingie, lakini mlango umekuwa mzito. Kongosho linatuma insulini zaidi, inabisha kwa nguvu zaidi, na mwishowe kongosho lenyewe linachoka. Msuli unaofanya kazi, kwa upande wake, hufungua mlango wa uani: unaivuta sukari kutoka kwenye damu bila kungoja insulini. Hapo ndipo kasi inapokuwa na maana. Ukitembea taratibu unatumia sehemu ya nyuzi za misuli yako. Ukiongeza mwendo, au ukipanda mlima, nyuzi nyingine zilizokuwa zimelala zinaitwa kazini, na akiba ya sukari iliyofichwa ndani ya misuli inapungua upesi. Mazoezi yakiisha, misuli inataka kuijaza akiba hiyo, na kwa siku moja hadi tatu inaipokea insulini vizuri zaidi. Baada ya hapo faida inayeyuka. Ndiyo maana miongozo ya kisukari inasema usiache zaidi ya siku mbili mfululizo zipite bila mazoezi. Anayengoja Jumapili moja kubwa anafaidi mwanzo wa wiki tu.

Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa haya. Kulima ni kupandisha na kushusha: unapiga jembe, unanyoosha mgongo, unapiga tena. Kuchota maji bondeni na kupanda nayo kilima ni vivyo hivyo. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania ulioonyesha kwamba wenye kisukari hawakufika mtu mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani tisa katika mia miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64. Umri wa waliopimwa haukufanana, na katikati hapo kulipita miaka ya soda, mafuta ya kukaangia na kazi za kukaa, kwa hiyo sisemi jembe peke yake ndilo lililokuwa dawa. Nasema mwili tulio nao ulizoea kutumwa.

Huenda umesikia pia habari za mazoezi makali zaidi ya haya. Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, kilichapisha mwaka 2011 jaribio la wagonjwa wanane waliopanda baiskeli za ndani: dakika moja ya nguvu nyingi, dakika moja ya kupumzika, mara kumi. Walifanya hivyo mara sita tu ndani ya wiki mbili, na wastani wa sukari yao wa saa 24 ukashuka kutoka milimoli 7.6 hadi 6.6. Ni matokeo ya kuvutia, hasa kwa mtu anayesema hana muda. Lakini wagonjwa hao walipimwa moyo kwanza, na walikuwa na watu pembeni wakiwatazama. Wewe utakuwa peke yako kwenye barabara ya vumbi. Ushauri wangu ni uanze na dakika tatu za Matsumoto, na hizo za McMaster uziache hadi mwili uwe umezoea na daktari amekubali. Wengi hawatazihitaji kamwe.

Sasa, haraka ni haraka kiasi gani? Hapa watu wengi wanapotea, kwa sababu wanautafuta ukali kwa kumtazama mwingine. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinapendeza, fulana zinafanana, filimbi inapulizwa, na nani asiyekumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi. Ila mgonjwa wa sukari anayejiunga leo na kulazimisha mwendo wa vijana wa miaka ishirini na tano anapima ukali kwa miguu ya wengine. (Na ile supu na chapati mbili baada ya kukimbia, tuseme ukweli, inarudisha kila kitu kilichochomwa na zaidi.) Kasi yako inapimwa kwa pumzi yako. Katika dakika za polepole unapaswa kuweza kumsimulia mwenzako habari nzima. Katika dakika za haraka unaweza kujibu maneno matatu au manne, kisha ukahitaji kuvuta hewa. Ukiweza kuimba, hujaharakisha. Ukishindwa hata kusema "ngoja", umepita kiasi. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa ambaye hajatembea kwa miaka, mwendo wa kawaida wa mtu anayewahi daladala unatosha kabisa kuwa mkali. Asione haya.

Saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo zisikusumbue. Tena kama unameza atenololi, bisoprololi, propranololi au ndugu zake kwa ajili ya presha au moyo, namba hizo zitakudanganya, maana dawa hizo huyazuia mapigo yasipande. Fuata pumzi.

Kabla ya raba, zungumza na mfuko wako wa dawa. Hili ndilo jambo ninalotaka ulisome mara mbili. Toa pakiti zote uziweke mezani usome majina. Kama ni metformini peke yake, hatari ya sukari kushuka kupita kiasi wakati wa mazoezi ni ndogo sana. Kama kuna glibenklamidi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Daonil, au gliklazidi, au glimepiridi, mambo yanabadilika. Dawa hizi zinalisukuma kongosho litoe insulini hata wakati sukari iko chini. Ukiongeza juu yake misuli inayoivuta sukari kwa kasi, na tumbo ambalo halijapata kitu tangu jana usiku, unaweza kuanguka barabarani. Glibenklamidi inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kazi yake hudumu muda mrefu, hasa kwa wazee na kwa watu ambao figo zao zimechoka. Anayechoma insulini yuko kundi hilohilo, naye asichome pajani muda mfupi kabla ya kutembea, kwa kuwa mguu unaofanya kazi huinyonya dawa upesi.

Kwa watu wa kundi hili, pima kabla ya kutoka. Sukari ikiwa chini ya 5, au 90 kwa mashine zinazosoma miligramu, kula kwanza: ndizi mbivu moja, au kipande cha kiazi kitamu, kisha ungoje kidogo upime tena. Stripu ni ghali, najua, na wapo wanaopima mara moja kwa wiki kwa sababu ya bei. Kama ni wewe, basi zitumie stripu zako wiki mbili za mwanzo za mazoezi, kabla na baada, ujue mwili wako unakwenda vipi, halafu upunguze. Na kama huna mashine kabisa, usitembee kwa kasi hujala, usitembee peke yako, na anza na mizunguko miwili tu.

Mfukoni beba glukosi ya unga, au sukari ya kawaida iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Sukari ikishuka chini ya 3.9, yaani 70, au ukihisi dalili zake, simama hapohapo. Kunywa vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ile iliyoandikwa haina sukari haitakusaidia. Ngoja dakika 15, pima au jisikilize, rudia kama bado. Ukishatulia, kula chakula, na mazoezi ya siku hiyo yaishie hapo. Mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe wala kulishwa kitu, atapaliwa. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali.

Ugumu wa dalili hizi ni kwamba zinafanana na za mazoezi yenyewe. Jasho, moyo kwenda mbio, miguu kulegea: nani atajua?

"Shikamoo mzee, mbona umeloa hivyo?"

"Marahaba mwanangu. Mazoezi tu."

Na huenda si mazoezi tu. Alama za kutenganisha ni kutetemeka kwa vidole, njaa ya ghafla, macho kuona ukungu, maneno kuchanganyika, hasira isiyo na sababu, na jasho la baridi ambalo linaendelea hata baada ya kupunguza mwendo. Wanaotumia zile dawa za moyo nilizozitaja wawe macho zaidi, kwa sababu zinaficha kutetemeka na mbio za moyo. Kwao jasho ndilo linalobaki kuwa shahidi. Mwambie unayetembea naye kwamba una sukari. Watu wengi wanaona aibu kulisema hili, na aibu hiyo imewalaza wengi chini huku wapita njia wakidhani ni pombe.

Kuna mambo mawili ambayo wagonjwa hukutana nayo wakashtuka. La kwanza ni sukari kupanda mara tu baada ya mazoezi makali. Umetoka 8, umetembea kwa bidii, umepima, ni 9 na nusu. Usivunjike moyo. Mwili ukitumwa kwa nguvu hutoa adrenalini, na ini linamwaga sukari ya akiba kwenye damu. Pima tena baada ya saa moja au mbili. La pili ni kinyume chake: sukari kushuka usiku, saa nyingi baada ya mazoezi ya jioni, misuli inapoijaza akiba yake. Anayetumia insulini au vidonge vya kundi la Daonil apime kabla ya kulala siku za mazoezi, na akianza kuona namba zinashuka wiki baada ya wiki, hiyo ni habari njema ya kupeleka kliniki ili dozi ipunguzwe. Asiipunguze mwenyewe kwa kukisia, wala asiache.

Upande wa pili, asubuhi ukiamka na sukari imepita 14, una kiu isiyokatika na unakwenda chooni kila mara, au una homa, siku hiyo si ya kupandisha. Kunywa maji, meza dawa zako, na kama una kichefuchefu au unapumua kwa shida nenda hospitali.

Halafu kuna macho, miguu na moyo. Nitayapitia kwa haraka, ila usiyapite kwa haraka wewe. Kisukari huharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, na mishipa hiyo ikiwa imefikia hatua mbaya, mazoezi makali, kuruka, kunyanyua vizito kwa kubana pumzi na kuinamisha kichwa vinaweza kuifanya ivuje damu. Kwa hiyo kama hujapimwa macho kwa kutiwa dawa ya kupanua mboni ndani ya mwaka huu, hilo litangulie. Kuona vizuri hakukuambii kitu; ugonjwa huu hufika mbali kabla ya kuleta dalili.

Miguu ina hadithi yake. Ganzi inapoingia, kokoto ndani ya kiatu haisikiki, na lengelenge la leo linakuwa kidonda cha miezi. Makobazi na kandambili ziache nyumbani. Raba iwe na nafasi mbele, soksi ziwe kavu na zisizo na mshono unaokwaruza, na kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani ya kiatu. Ukirudi, tazama nyayo zote mbili na katikati ya vidole. Kama kuinama ni shida, tumia kioo au mwite mjukuu. Mwenye kidonda kilicho wazi asitembee kwa mazoezi. Afanye ya kukaa.

Kuhusu moyo, kisukari kinaweza kuyafisha maumivu ya kifua, mtu akapata tatizo la moyo akahisi tu kuishiwa pumzi au uchovu usio wa kawaida. Ukiwa na miaka zaidi ya arobaini, umeishi na sukari kwa miaka mingi, unavuta sigara, una presha au figo zimeguswa, omba kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuanza kupandisha kasi. Presha iliyopanda sana nayo ishushwe kwanza kwa dawa. Na wakati wowote kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au maumivu yakielekea taya au mkono, acha, omba msaada.

Ukiruhusiwa, anza hivi. Wiki ya kwanza na ya pili tembea kawaida dakika tano kupasha mwili joto, kisha dakika moja haraka na dakika tatu polepole, mara nne, umalizie na dakika tano za taratibu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, zisifuatane. Wiki ya tatu fanya dakika mbili za haraka. Mwezi wa pili fikia tatu kwa tatu, mizunguko mitano, ambayo pamoja na mwanzo na mwisho wake ni dakika arobaini. Simu yoyote ina kengele ya kuhesabu dakika. Asiye na simu ahesabu nguzo za umeme: nguzo tatu haraka, tatu polepole, kisha aongeze kadiri anavyozoea. Barabara isiwe ya bodaboda zinazokuja kutoka nyuma. Uwanja wa shule jioni, ufukwe maji yakiwa yamekupwa, au kuuzunguka uwanja wa mpira vinafaa zaidi.

Mkazi wa Mwanza au Lushoto ana bahati ya vilima: mlima ndio wa kupandisha, mteremko ndio wa kupumua, na hahitaji kuharakisha hatua hata kidogo. Ila mteremko unachosha magoti, ashuke kwa hatua fupi. Anayeishi ghorofani ana ngazi. Na kwa goti bovu, au mama asiyeweza kutoka nyumbani, kiti cha mbao imara kinatosha: inuka na keti mfululizo kwa nusu dakika bila kujisukuma kwa mikono, pumzika dakika moja na nusu, rudia mara sita hadi nane. Jaribu kabla ya kukidharau. Asiyeweza kusimama kabisa, au mwenye kidonda mguuni, apige ngumi hewani akiwa ameketi, kwa mpangilio uleule. Kina mama wanaotembea na baibui au dera wavae kitambaa chepesi na suruali ndani; nguo ndefu inayokanyagwa ni hatari kubwa kuliko mwendo wenyewe.

Joto la pwani lisichukuliwe kwa mzaha. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja kuanzia Desemba hadi Machi, saa nne asubuhi mwili hauwezi kujipoza sawasawa, na mwenye sukari ya juu tayari anapoteza maji kwa mkojo. Wanaotumia dapagliflozini na dawa za jamii yake wanapoteza zaidi. Toka alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, na unywe maji kabla hujasikia kiu. Kwa wengi wakati unaoshusha sukari kwa dhahiri zaidi ni baada ya chakula, saa moja hivi tangu ulipomaliza, maana ndipo sukari inapokuwa imepanda. Wali wa mchana ukifuatwa na kiti ni habari moja. Ukifuatwa na kutembea ni nyingine.

Waliofunga Ramadhani, ambao daktari wao amewaruhusu kufunga, wasipandishe kasi alasiri kuelekea magharibi. Hizo ndizo saa ambazo mwili umeishiwa, na sukari hushuka kirahisi. Saa moja au mbili baada ya kufuturu ni bora, na tarawehe zihesabiwe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku: kusimama, kurukuu na kusujudu kwa rakaa nyingi ni kazi ya misuli. Sukari ikishuka chini ya 3.9, saumu inavunjwa.

Usitegemee kwamba mazoezi yatakutetea mbele ya sahani. Mizunguko mitano ya dakika tatu haitafuta chai ya vijiko vinne na maandazi matatu. Kasi pia haichukui nafasi ya mazoezi ya nguvu. Siku mbili kwa wiki fanya kiti, kusukuma ukuta, au kunyanyua galoni la maji la lita tano, kwa sababu msuli mkubwa zaidi una mahali pengi pa kuiweka sukari. Na kama kazi yako ni ya kukaa, simama kila nusu saa, hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi.

Uzito unaweza usisogee mwezi wa kwanza. Nguo ya kiunoni husogea mapema kuliko mizani. Kipimo cha kuamini ni kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho kliniki nyingi hukiita HbA1c, kwa hiyo fanya kipimo kabla ya kuanza na urudie miezi mitatu ikitimia. Katikati hapo jipime kwa njia ya bei rahisi: chagua mlima mmoja au ngazi moja, na uone kama bado unasimama palepale kuvuta pumzi.

Siku ya kliniki ijayo, chukua pakiti zote za dawa, si kadi peke yake, na uvae raba utakazotembelea. Mwonyeshe daktari au nesi vyote viwili. Muulize kama katika dawa hizi iko inayoshusha sukari hadi hatari, kama macho, miguu na moyo wako vimepimwa mwaka huu, na kama anakuruhusu kutembea kwa dakika tatu za haraka na tatu za polepole. Usiondoke chumbani kabla hajakujibu moja baada ya jingine. Akikuruhusu, anza wiki hiyohiyo, na sukari ya karatasi iwe mfukoni.